Kifua cha Msabah na Njiwa wa Bi Kazija

"Inatangazwa kwa wakaazi wote wa mtaa huu kwamba, kuanzia Jumatatu ijayo, ni marufuku kwa njiwa kutua juu ya bati la ofisi ya tawi katika saa za kazi, yaani tangu saa moja na nusu asubuhi hadi saa nane mchana. Njiwa atakayekiuka amri hii, mwenyewe atawajibika. Kwa amri ya Kamati."

Tangazo hilo lilibandikwa mlangoni mwa ofisi ya tawi la Chama mwaka 1970, mwanzoni mwa kipupwe, na halikukusudia ubaya wowote. Bati lilikuwa jipya, limepakwa rangi, na njiwa kwa tabia yao hawatofautishi baina ya ofisi na jabali. Lakini njiwa hawasomi, na mtaa mzima ulikuwa na mfugaji mmoja tu. Kwa hiyo tangazo lililoelekezwa kwa watu wote lilikuwa, kwa hakika, ni ujumbe kwa Bi Kazija.

Mumewe, Msabah, ndiye aliyemsomea. Msabah alikuwa fundi wa kujalidi vitabu. Kwa umri wake wote alishona na kutia majalada vitabu vya watu wengine: misahafu, sheria za mahakama, hesabu za forodhani, na safari za Wazungu zilizotafunwa na mchwa. Kwa kuwa hakuwa mtu wa kushona asichokisoma, alikuwa amejua mambo mengi yasiyomhusu, na elimu hiyo ikamwachia desturi moja isiyowapendeza majirani: hakusadiki jambo mpaka alione limetokea mara mbili.

"Sasa niwafunge kamba miguuni?" aliuliza Kazija.

"Amri haisemi wafungwe. Inasema wasitue. Wanaweza kubaki angani mpaka saa nane."

"Baba Shemsa, mie nasema kweli, nawe unanichezea."

"Sichezi. Nafasiri sheria."

Njiwa walikuwa wa Shemsa, binti yao wa pekee. Shemsa alipoolewa na kuchukuliwa Mombasa, mwaka mmoja baada ya Mapinduzi, aliacha jozi moja juu ya paa, akasema atakuja kuwachukua. Hakuja. Jozi ikawa kundi. Kila mmoja Kazija alimpa jina, na alipokuwa akiwamwagia mtama alizungumza nao kwa sauti ile ile aliyokuwa akimsemeshea Shemsa mchanga. Msabah, aliyekuwa na maoni juu ya kila kitu, hakuwahi kutoa maoni juu ya hilo.

Walikaa ghorofa ya pili ya nyumba kongwe ya mawe, ambayo Serikali ilikuwa imeichukua na kuipangisha kwa familia kadhaa. Walikuwa na chumba cha kulala, upande wa mashariki, na chumba cha kazi cha Msabah, upande wa magharibi, na baina ya viwili hivyo palikuwa na kijichumba kisicho na dirisha, kilichowekwa na mjenzi wa kale kwa sababu aliyokufa nayo. Kazija alikishusha kizimba kutoka paani, akakiweka humo. Kila asubuhi, kabla ya ofisi kufunguliwa, aliwaingiza njiwa ndani. Kila mchana, ofisi ikishafungwa, aliwatoa. Amri ilitiiwa kikamilifu. Bati la tawi likabaki safi, na mabawa yote ya mtaa yakawa yanapigwa, asubuhi kutwa, baina ya kitanda cha Msabah na meza yake.

Kipupwe hakijamalizika, Msabah akaanza kukohoa.

Kilikuwa kikohozi kikavu, kisicho na makohozi wala adabu. Kilimkata neno katikati, jambo ambalo mkewe alikuwa amelijaribu kwa miaka bila ya mafanikio. Kikafuatiwa na homa. Ilikuja jioni, saa kadhaa baada ya kazi, ikamtetemesha, kisha ikaondoka usiku kama mgeni anayejua kuaga. Halafu ikawa pumzi. Ngazi ambazo alizoea kuzipanda huku anasoma zikamlazimu kusimama katika kila kituo, na katika kituo cha mwisho alikuwa akijifanya anaitazama barabara. Kazija, aliyekuwa akimsubiri juu, naye alikuwa akijifanya anaamini kuwa barabarani kuna cha kutazamwa.

Majirani walileta maradhi mbalimbali, kila mtu lile alilokuwa nalo. Chanchal, mjane wa Kihindi aliyekaa chini, alisema ni kichomi, akaleta mafuta ya karafuu. Mwengine akasema pumu. Mwengine, aliyekuwa hajawahi kumwona Msabah akihusudiwa kwa lolote, akasema hasadi.

"Kichomi huchoma," alisema Msabah. "Hiki hakichomi. Kinabana."

"Basi ni udhaifu," alisema Kazija. "Umekwisha mwilini. Ntakupikia supu ya njiwa."

Hapana mtu mjini asiyejua kuwa mgonjwa, mzazi wa siku chache na aliyevunjika mfupa hupewa supu ya njiwa. Msabah alikuwa amesoma vitabu vitatu vya utabibu alipokuwa akivishona, na hakikuwamo hata kimoja kilichoitaja. Lakini alijua pia jambo ambalo halikuwamo vitabuni: tangu Shemsa aondoke, Kazija hakuwa amepata kumchinjisha hata njiwa mmoja. Siku ya kwanza alipomletea bakuli, macho yake yalikuwa mekundu, na hapakuwa na vitunguu katika supu.

"Huyu nani?" aliuliza Msabah.

"Usiulize jina. Kunywa."

Akanywa. Hakuwa na imani na supu. Alikuwa na imani na mkono ulioibeba. Na Kazija, ili asimwache peke yake, akawa anawanyonyoa njiwa pale pale kando ya kitanda, kikapu kikiwa baina ya magoti yake, huku anamhadithia habari za mtaa. Manyoya madogo yaliruka na kushuka taratibu. Ungaunga mweupe, ule unaotoka katika mbawa za njiwa kama podari, ukatanda juu ya shuka, juu ya mto, na juu ya ndevu za Msabah, ambazo kwa vile zilikuwa na mvi, hazikuonesha tofauti.

Hali ikawa mbaya zaidi. Kazija akaongeza supu.

Ndipo ndugu yake Kazija, Makungu, mvuvi wa Matemwe, alipokuja mjini, akamtazama shemeji yake, akasema, "Huyu mtu anataka upepo," akamchukua. Kule Matemwe Msabah alilala katika banda la makuti ambalo upepo uliingia upande mmoja na kutokea wa pili bila ya kugonga hodi. Homa ikakatika. Haikupita hata wiki, akawa anatembea ufukweni na kubishana na Makungu juu ya sababu ya maji kujaa na kukupwa, na aliweza kuimaliza hoja yake bila ya kukohoa. Alirudi mjini amenawiri. Akapanda ngazi zote kwa mkupuo mmoja, Kazija akampokea kwa kicheko, akamlaza ndani, akamnyonyolea njiwa wa kumkaribisha.

Jioni ile ile alitetemeka mpaka meno yakagongana.

"Unaona?" alisema Kazija, akimfunika blanketi. "Kule ulikuwa unaishi kwa nguvu za supu ulizokwenda nazo. Zimekwisha."

Msabah alitaka kueleza kosa lililomo katika hoja hiyo, lakini hakuwa na pumzi ya kutosha kwa hoja yoyote.

Asubuhi yake akaenda hospitali, kwa Daktari Gulamabbas, ambaye Msabah alimjalidia vitabu tangu alipokuwa kijana aliyetoka masomoni. Kazija alimpa mkate wa kumimina, ule wa mchele, ndani ya kitambaa ampelekee daktari. Mchele ulikuwa wa foleni siku zile, na mkate mzima ulikuwa heshima kubwa. Daktari alimpiga picha ya kifua, akampima makohozi machache yaliyopatikana, na kwa siku kadhaa akawa anaondoa maradhi moja moja: si kifua kikuu, si nimonia ya kawaida, si pumu. Kisha akamwita, na Kazija akampa mkate mwengine ampelekee.

"Vua shati, Mzee Msabah. Vuta pumzi. Tena. Usivute kama unanifanyia hisani, vuta."

Aliegemeza kipimo chake chini ya mabega, akasikiliza kwa muda mrefu.

"Chini kabisa ya mapafu nnasikia kitu kama nywele zinasuguliwa kwa vidole karibu na sikio," alisema. "Unajua pafu lilivyo?"

"Nimesoma kuwa ni mfuko."

"Aliyeandika hakupata kuliona." Daktari akaufungua ule mkate, akaumega, akamwonesha tumbo lake lililojaa matundu. "Tazama hapa. Mapafu yako yamekaa hivi, ila matundu yake huwezi kuyaona kwa macho wala kuyahesabu. Njia ya hewa inashuka kifuani, inagawika, inagawika tena kama matawi, na mwisho wa kila kitawi kuna vifuko vidogo vidogo vya hewa. Kuta zake nyembamba kuliko karatasi yoyote uliyowahi kuishona. Upande huu hewa, upande ule damu. Hapo ndipo hewa inapokabidhiwa kwa damu, na hapana pengine. Sasa kuta hizo zikivimba, zikalowa, hewa inafika mlangoni lakini haipokewi. Unavuta, unavuta, na mwili unalalamika kuwa haujapata kitu."

"Na kinachozivimbisha?"

"Katika nimonia ni vijidudu. Wewe huna. Wewe umevuta kitu ambacho mwenzio hakimdhuru, mwili wako umekidhania adui, ukapigana nacho humo humo ndani. Wanaopigana hawajali kinachovunjika." Daktari alipitisha kidole juu ya bega la kanzu ya Msabah iliyotundikwa kitini, akakiinua. Kidole kilikuwa cheupe. "Hii nini?"

"Unga wa gundi."

Daktari akakinusa. "Gundi hainuki kizimba."

Msabah aliitwaa kanzu, akaikunja.

"Kuna jarida la madaktari limenifika majuzi," aliendelea Gulamabbas, "limekaa bandarini mpaka limezeeka. Humo wamewaeleza wafugaji wa njiwa huko ng'ambo. Wanashughulika na ndege wao, jioni homa, kikohozi kikavu, pumzi fupi. Wakenda mbali wanapoa. Wakirudi wanaugua."

"Watu wangapi?"

"Wachache."

"Wachache si ushahidi."

"Na Matemwe uliyonieleza, je?"

"Mara moja."

"Alaa! Basi nenda tena urudi, iwe mara mbili, nafsi yako itulie." Daktari aliuweka mkate chini, na sauti yake ikabadilika. "Nisikilize, mzee wangu. Leo kuta hizo zimevimba tu, na kilichovimba kinaweza kunywea. Ukiendelea, zitapona kwa makovu, na kovu halipitishi hewa. Siku hiyo hata nikikupeleka Matemwe kwa ndege ya serikali, pumzi yako haitorudi. Nnakupa vidonge vya kupunguza uvimbe. Lakini vidonge vinazima moto, na wewe nyumbani unaye mtu anayetia kuni. Ama njiwa, ama wewe."

Msabah alirudi nyumbani taratibu, akisimama kila penye baraza, na njia nzima alikuwa akipanga maneno. Alikuwa hodari wa kupanga. Alipofika juu, Kazija alikuwa amekaa mlangoni mwa kijichumba, njiwa mmoja ameshikwa kifuani, anaambiwa kuwa mwenye nyumba karibu atarudi na kwamba mambo yote, inshallah, yatakuwa kheri.

"Daktari kasema nini?"

"Kasema ni vumbi," alisema Msabah. Akamtazama njiwa. "La karatasi."

Alijitetea nafsini mwake kwa hoja nzuri. Jarida moja si elimu. Watu wachache wa ng'ambo si watu wote. Huenda ni karatasi kweli. Nani amelichunguza vumbi la karatasi? Hoja zote zilisimama imara, na hata moja haikuwa sababu. Sababu ilikuwa kwamba alikuwa amelihesabu kundi: lilikuwa limepungua kwa kila bakuli alilokunywa, na mkewe alikuwa amelitoa moja moja kwa mkono wake ili yeye apone. Hakuona namna ya kumwambia mtu wa aina hiyo kuwa dawa ndiyo maradhi.

Kazija, kwa kuwa alimwamini, alifanya kazi barabara. Alizitoa karatasi zote, ngozi, nyuzi na vyombo vya gundi, akavipeleka kwa Chanchal. Akapangusa meza. Akamwambia mumewe apumzike kitandani asubuhi kutwa, mlango na dirisha vimefungwa asipigwe na baridi. Na kwa hivyo Msabah, badala ya kukaa na njiwa upande wa meza huku dirisha liko wazi, akawa anakaa nao upande wa kitanda, huku dirisha limefungwa.

Midomo yake ikaanza kugeuka rangi. Kutoka kitandani mpaka kwenye birika la udhu ikawa safari. Usemi wake, uliokuwa wa sentensi ndefu zenye vituo, ukafupika ukawa maneno mawili mawili, na Kazija akagundua kuwa alikuwa akizipenda zile sentensi.

Vidonge vilipokwisha, Kazija alikwenda mwenyewe kuchukua vyengine. Daktari Gulamabbas alimpa, akamwuliza njiwa amewapeleka wapi. Alimwuliza kwa upole, kama mtu anavyoulizwa habari za msiba.

Msabah alikuwa kitandani aliposikia mlango wa chini. Akasikia hatua zikiingia kwa Chanchal, kisha maji yakimwagwa, sauti za wanawake wawili. Kisha hatua zikaja chini ya ngazi, zikasimama.

"Baba Shemsa!"

"Naam."

"Unaweza kufika mlangoni?"

Alifika, kwa kushika ukuta. Kazija alikuwa chini kabisa, amevaa sari nyeupe ya Chanchal, nywele zinadondoka maji. Ilikuwa ni sari ya ujane. Msabah aliitazama, akaona kuwa lolote atakalolisema juu yake halitakuwa la kuchekesha.

"Nshaoga," alisema Kazija. "Nguo zangu zote nimezivua nje. Sipandi mpaka uniambie. Ulijua?"

"Nilikuwa naambiwa."

"Ulijua, Msabah?" Hakuwa amemwita kwa jina lake tupu tangu walipooana.

"Nilijua."

"Umekunywa mabakuli yote yale, nami nanyonyoa puani mwako, nawe unajua?"

"Supu haikuwa na kosa. Ni lile vumbi. Supu ilikuwa... nzuri."

"Haikuwa nzuri. Ile ya mwisho niliisahau chumvi, nawe ukasema nzuri." Alizikamua nywele kwa mikono miwili. "Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuwa nasubiri ushahidi."

"Ushahidi gani? Jeneza?"

Msabah alikaa juu ya kipandio cha juu, kwa kuwa pumzi haikuwa tayari kwa mazungumzo marefu. "Hao wa Shemsa," alisema, akapumua. "Huna chengine. Cha Shemsa."

Kazija alikuwa amepandisha mguu mmoja, akaurudisha.

"Masikini baba wa watu," alisema. "Vitabu vyote vile. Shemsa yuko Mombasa, ana watoto, anakula, analala. Nnazungumza na njiwa kwa kuwa siwezi kuzungumza naye. Na wewe ukiondoka ntazungumza na nani? Na bakuli?"

Wakakaa hivyo, mmoja juu na mmoja chini, mpaka Chanchal akatoa kichwa mlangoni kwake na kuuliza kama wanagombana, kwani chai imeshaiva.

Njiwa waliondoka siku ya pili. Ofisi ya tawi ilikuwa wazi, lakini Kazija hakujali nani ametua wapi. Aliwapeleka Jang'ombe kwa jamaa. Wakarudi kabla yake. Aliwapeleka Kizimkazi, walichelewa kidogo, wakarudi, wakatua wote kwa safu juu ya bati la tawi. Mwisho Makungu alikuja kuwachukua, akawafungia Matemwe mpaka wakapandana na kutaga. Alipokuja kutoa habari kuwa sasa wamefunguliwa na hawaondoki, Kazija alitikisa kichwa.

"Njiwa akishataga," alisema, "kwao ni pale alipotagia."

Msabah alimtazama, naye akamtazama Msabah, na hapana aliyeitaja Mombasa.

Ingekuwa hekaya, mgonjwa angepona hapo. Msabah alipata nafuu, ndiyo, na kwa muda sentensi zikaanza kurefuka. Lakini kila alipolala chumbani, jioni ilileta homa ndogo, na kifua kilibana. Daktari alikuja mwenyewe. Alitazama juu, kwenye boriti na nyufa za kale baina yake, akachokoa kwa kijiti, akaonesha.

"Njiwa wametoka," alisema. "Vumbi lao halikutoka. Limekaa humu, na kila mlango ukipigwa linashuka. Huyu anataka nyumba nyengine. Nyengine kabisa."

Kazija alipangusa kwa kitambaa kibichi, akasugua sakafu, akapaka chokaa. Ukuta uliokwanguliwa ulitoa vumbi jingi kuliko lililokuwapo, na Msabah akahamishiwa chini, katika ghala ya Chanchal iliyoelekea barabarani, baina ya magunia matupu na picha ya mungu mwenye kichwa cha tembo, ambaye Msabah alimkuta kuwa jirani asiye na usumbufu. Kazija akabaki juu, kwani ghala haikuingia kitanda cha pili, na kwani chumba kitakachoachwa kitupu kingepewa watu wengine. Kila jioni Msabah alikaa barazani, na Kazija akakaa dirishani juu ya kichwa chake, wakazungumza. Wapita njia walilazimika kupita chini ya mazungumzo hayo kama chini ya nguo zilizoanikwa.

"Umekula?"

"Nshakula."

"Umekohoa mchana. Nimekusikia."

"Nilikuwa namjibu Chanchal."

"Ukimjibu Chanchal hukohoi. Hukohoa ukitaka kunificha." Kisha akainama dirishani: "Kitanda kimekuwa kikubwa. Sikijui hata nilale upande gani."

"Upande wangu," alisema Msabah. "Ule mwengine una bonde."

"Bonde lako."

"Basi lilalie, lisifutike."

Mwisho wa mazungumzo hayo ulikuwa kwamba wakaomba nyumba. Nyumba zote za mtaa zilikuwa mikononi mwa Kamati, na Kamati ilikaa Jumamosi, chini ya lile bati. Katibu wake, Mjaka, kijana mpole aliyekuwa akivaa koti hata wakati wa joto, aliwaamkia vizuri.

"Shikamoo, mzee. Shikamoo, Bi Kazija."

"Marahaba, mwanangu."

Wajumbe wawili waliokaa naye, Nahodha na Shaame, waliangalia cheti cha daktari, kilichokuwa na maneno marefu, wakakipa heshima inayostahiki maneno marefu.

"Mzee, hao njiwa si mshawatoa?" aliuliza Nahodha.

"Tumewatoa," alijibu Msabah.

"Basi sababu imetoka."

"Vumbi lao limebaki."

"Mbona mkeo haumwi? Mbona anakaa humo humo?"

"Kifua chake hakigombani na vumbi. Changu kinagombana. Sijui kwa nini. Daktari naye hajui."

"Hajui!" Nahodha aliwatazama wenziwe. "Daktari hajui, nasi tutoe nyumba."

Kazija alisimama. Hakuwa amezoea kusema mbele ya wanaume, na alianza kwa kutazama meza.

"Wanangu, mnajua udi. Ukifukiza udi siku ya harusi, mwaka wa pili ukifungua kabati, nguo zinanukia, na harusi nshaisahau. Kuta zetu hizi za chokaa zinakunywa. Za kwangu zimekunywa njiwa. Nimesugua mpaka kucha zimetoka. Sitaki nyumba nzuri. Nipeni banda, nipeni ya makuti, nipeni ya mbali, kokote ambako njiwa hawajalala. Nnataka kukaa na mume wangu mahali anapopumua. Daktari kasema bado kuta za kifua chake hazijaingia makovu zote. Kasema tukiwahi, pumzi itarudi."

Akakaa. Msabah, aliyekuwa na hotuba yake mfukoni, yenye vifungu, aliiacha mfukoni. Aliutafuta mkono wa mkewe chini ya buibui, akaushika mbele ya Kamati nzima, jambo ambalo katika mtaa ule halikuwa limetangazwa marufuku kwa kuwa hapana aliyefikiria kuwa lingetokea.

Mjaka alikohoa kidogo, akaomba radhi kwa kukohoa, akasema kuwa Kamati imeguswa. Wakatolewa nje. Walisimama ukutani, Msabah akihesabu pumzi zake bila ya kumwonesha mkewe, na Kazija akizihesabu bila ya kumwonesha yeye. Walipoitwa tena, Mjaka alikuwa ameshaandika. Alisoma akiwa amesimama, kwa sauti ya taratibu, na alikuwa anamwonea huruma kila mtu aliyekuwamo.

"Kamati, baada ya kulizingatia kwa kina ombi la Ndugu Msabah na mkewe, na baada ya kuridhika kuwa maradhi yake ni ya kweli na kwamba yanatokana na chumba anachokaa, imeamua kwa kauli moja: kwamba mwombaji na mkewe waruhusiwe kukihama chumba hicho, kilichopo ghorofa ya pili upande wa mashariki, na kuhamia chumba kinachopakana nacho, katika nyumba hiyo hiyo na ghorofa hiyo hiyo, upande wa magharibi, ambacho kina dirisha kubwa zaidi. Uhamisho ufanyike kabla ya mwisho wa mwezi. Kamati inamtakia mwombaji afya njema, na inalihesabu suala hili kuwa limekwisha."